Rangi Zilizopishana

Kadi ya kwanza niliiba.
Naanza hapo, tusije tukadanganyana.
Posta ya Lindi, dirisha la pili, mwaka wa mvua nyingi:
ilifika haina anwani, wino umelowa,
na upande wa picha mwanamke kainua mkono,
kaniki kiunoni, nembo mashavuni,
chini yake herufi ndogo: Mcheza Sindimba.
Jina hakuna.
Niliitia mfuko wa shati, nikagonga mihuri hadi saa kumi
kifua kikiniwasha kama nimebeba siafu.

Ya pili niliipata Mtama kwa kilo mbili za korosho.
Ya tatu ilikuwa imelala katika daftari la madeni
la Bwana Chitenje, muuza vitenge wa Rahaleo.
Akaniuliza, "Kwani wewe una nini na huyu?"
Nikasema sina kitu.
Akapandisha bei.

Picha ni moja, aliyeichora ni mmoja,
turubai lenyewe hakuna ajuaye liliko.
Lakini kadi! Kila chapa na uongo wake.
Hii kaniki imekuwa nyekundu ya pilipili.
Hii wamegeuza filamu, mkono wa kuume ukawa wa kushoto.
Na hii wamemfuta nembo,
shavu tupu kama sahani iliyooshwa.
Siku niliyoipata hiyo sikula.

Nyuma nako watu wameandika maisha yao:
"Joto kali. Nitarudi Jumanne."
"Mwambie Fundi Hokororo meza haijafika."
"Samahani."
Hilo tu, na stempu ya senti thelathini.

Mwanahawa, mke wangu, alisema,
"Mwenzangu huyu wa karatasi hali wala havai,
nimemsamehe."
Na ni yeye aliyekuwa akifungua kabati jua likitoka
ili kadi zisishike ukungu.

Msimu wa korosho, kijana mmoja wa ghalani
aliiona albamu, akacheka:
"Huyu si bibi Somoe? Yupo Nyangao, anamenya ming'oko."

Kweli alikuwa akimenya ming'oko.
"Sikuwa nikicheza," alisema, hajaona bado hata moja.
"Aliniambia simama. Mkono juu, usitikisike.
Siku nne. Bega likafa ganzi, nzi wakanijua kwa jina.
Yeye akitaka maji anakunywa,
mimi nikitaka maji, bado kidogo.
Sindimba gani hiyo ya kusimama kama nguzo?"

Nikazipanga mkekani, kumi na moja,
nzuri mbele,
na ile mbovu nikaikalia.
Mbovu kwa sababu kiwandani karatasi ilisogea:
bluu ikaenda huku, njano kule,
kiuno kikawa viuno vitatu, miguu haihesabiki.
Niliipata bure, imefungiwa vitumbua.

Alipitisha macho kama anayekagua samaki waliolala.
"Huyu simjui. Huyu simjui.
Huyu kanyolewa uso."
Kisha, "Na hiyo uliyoikalia?"

Akaishika kwa vidole vyenye udongo.
Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
Bega lake la kushoto, lile la ganzi,
likaanza jambo ambalo sitaliita kutetemeka,
likashuka nalo hadi kiunoni,
na mkeka ukalia chini yake, mara mbili, tatu.
"Ehe," akasema. "Hapa hakuniweza."

Hakuniomba. Aliichomeka kwenye pindo la khanga,
akaokota kisu, akarudi kwenye ming'oko.
Nami, mtu mzima, nilitaka kumwambia ni yangu.

Albamu ipo kabatini.
Nafasi ya saba wazi, pembe nne za gundi zimeshika hewa.
Mwanahawa ameuliza kama nimeibiwa.
Nimemwambia hapana.
Imechukua miaka ishirini na sita, haina anwani,
imefika.